Taa ya SOS badala ya fataki za dharura: mwongozo kamili kwa wenye boti, mashua na madau

Nahodha mmoja aliniletea taa yake ya SOS akiniambia ni mbovu. Ilikuwa mpya, bado imebandikwa karatasi ya dukani. Nilipofungua kizibo cha chini nikakuta betri tatu zimevimba, unga mweupe umejaa kwenye springi, na springi moja ikakatikia mkononi mwangu. Taa haikuwa na kosa lolote. Ilikaa miezi tisa na betri ndani, kwenye sanduku la chuma karibu na injini, na hakuna aliyeiwasha hata siku moja.

Si yeye peke yake. Wanaohama kutoka fataki kwenda taa za betri wanakwama palepale: betri zinavuja, taa inashikwa kifuani badala ya kupandishwa juu, na jirani aliyeko baharini anaiona lakini hajui kuwa anaombwa msaada. Mwongozo huu umepangwa kufuata makosa hayo, na hatua zake zinategemeana, kwa hiyo zifuate kwa mfuatano.

## Taa hii inafanya nini

Ni taa ndogo ya LED inayoelea, inayomweka yenyewe kwa mpangilio wa SOS: fupi tatu, ndefu tatu, fupi tatu. Kwenye taa zilizotengenezwa kwa kanuni za Marekani, mmweko mfupi ni theluthi ya sekunde na mrefu ni sekunde moja, na mzunguko mzima hurudiwa kama mara 4 kwa dakika. SOS inayotolewa kwa njia yoyote, mwanga ukiwemo, imo kwenye orodha ya ishara za dhiki za kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972.

Kwa nguvu ya mwanga, fataki inaishinda taa kwa mbali sana. Fataki nyekundu ya mkononi ya kiwango cha meli hutoa mwanga wa kandela 15,000 (kandela ni kipimo cha nguvu ya mwanga) kwa dakika moja. Roketi ya parachuti hupanda kama mita 300 na kuwaka kwa kandela 30,000 kwa sekunde 40. Taa ya SOS ya kiwango cha Marekani inatakiwa kufikia kandela 75 tu. Ila inatakiwa kuendelea kumweka kwa saa 6, na hiyo ndiyo faida yake. Fataki tatu zikiisha, umebaki gizani.

Kwa hiyo fataki kazi yake ni kumshtua mtu asiyejua kuwa upo. Taa kazi yake ni kumwongoza mtu anayekutafuta mpaka afike ubavuni mwako. Ukiibebesha taa kazi ya kwanza peke yake, umejinyima.

Sababu za kuipenda zipo nyingi hata hivyo. Fataki ya mkononi hudondosha matone ya moto, na boti zetu zimejaa madumu ya petroli, nyavu za nailoni na faiba. Ina tarehe ya mwisho, mara nyingi miaka mitatu hivi tangu itengenezwe. Ni mali ya baruti, haipandi ndege ya abiria. Na huwezi kuijaribu: ukiiwasha imekwisha. Taa unaweza kuijaribu kila mwezi.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Taa ya SOS ya betri, yenye kuelea na kumulika pande zote.
- Seti mbili za betri mpya za alkalini, za aina moja na tarehe moja.
- Grisi ya silikoni, kopo dogo. Wanayo watu wa vifaa vya kuzamia.
- Kamba nyembamba ya nailoni, mita 3, na nyingine ya mita 10.
- Upondo au mti wa mita 4, kama chombo chako hakina mlingoti.
- Ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, kama zile za rangi za lita 10.
- Kitambaa cha rangi ya chungwa, sentimita 90 kwa 90, na rangi nyeusi.
- Kioo kidogo kisichovunjika.
- Redio ya VHF ya mkononi, ile ya mawasiliano ya baharini, kama uwezo upo, au simu ndani ya mfuko usioingia maji.
- Kalamu ya wino usiofutika.

Ukikosa kioo au kitambaa leo, endelea. Ukikosa seti ya pili ya betri, subiri uipate kwanza. Sababu utaiona kwenye hatua ya 3.

## Hatua ya 1: Uliza kama chombo chako kinaruhusiwa

Usitupe fataki zako kwa sababu umenunua taa. Tanzania Bara msimamizi ni TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli, Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, na Kenya ni KMA, mamlaka ya bahari ya huko. Nenda kwa mkaguzi anayekitolea chombo chako cheti, mwonyeshe taa yenyewe, muulize jambo moja: inahesabiwa badala ya fataki, au ni nyongeza?

Jibu hutegemea aina ya chombo. Meli zinazofuata SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, zinatakiwa kuwa na roketi za parachuti zisizopungua 12 kwenye chumba cha kuongozea meli au karibu nacho, na taa hii haizibadili. Boti ya abiria au ya watalii yenye cheti, shika kilichoandikwa kwenye cheti. Marekani boti ndogo za starehe huruhusiwa kubeba taa ya umeme yenye idhini ya walinzi wa pwani badala ya fataki za usiku, lakini mchana haihesabiki, ndiyo maana wenzetu wa huko huongeza bendera ya rangi ya chungwa. Ruhusa hiyo ni ya kwao. Haikufuati Mafia wala Lamu.

Kwa ngalawa, mtumbwi au dau la uvuvi ambalo siku zote limetoka bila ishara yoyote, usisubiri barua. Taa ni bora mara nyingi kuliko mikono mitupu.

Umefaulu: unajua kwa uhakika fataki ngapi lazima zibaki ndani ya chombo, na umeandika tarehe zake za mwisho ndani ya mfuniko wa ndoo.

## Hatua ya 2: Nunua taa, usinunue tochi

Tochi nyingi za dukani zina kitufe cha SOS. Si kitu kimoja. Tochi humulika mbele tu: geuza mkono kidogo na anayekutafuta anaona giza. Unataka taa yenye kioo cha mviringo juu, inayotupa mwanga pande zote za upeo wa macho na kiasi kingine kwenda juu kwa ajili ya ndege.

Mbele ya muuzaji, angalia mambo haya:

Aina ya betri. Taa nyingi zinazotoka nchi za nje hutumia betri za saizi C, na kwenye maduka mengi ya pwani utakuta zile kubwa za tochi na zile ndogo za rimoti, za C hamna. Taa inayotumia betri za rimoti ina faida kubwa kwako, kwa sababu duka lolote la kijijini litakuokoa.

Maandishi ya kuzuia maji. IP67 maana yake ilijaribiwa kwa kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. IP68 huzidi hapo. Iliyoandikwa tu kwamba haiharibiwi na mvua, iache.

Idhini. Taa iliyotengenezwa kwa kiwango cha Marekani huandikwa namba 161.013 kwenye mwili wake. Kama namba ipo kwenye boksi lakini kwenye taa haipo, weka pesa mfukoni.

Swichi. Funga macho, lowesha vidole, iwashe. Ukishindwa dukani hutaweza kwenye mawimbi. Swichi ya kuzungusha kichwa cha taa ni nzuri, lakini mkono wenye baridi na mafuta ya samaki huteleza, kwa hiyo ipime kwelikweli.

Onyo: taa nyeupe za kumwekameka haraka bila mpangilio, zile za kwenye magari na baiskeli, usizichukue. Kanuni zenyewe zinasema taa kali za kumweka haraka ziepukwe kwa kuvutia macho baharini, na kwa watu wetu zinafanana na pambo.

Umefaulu: umehesabu kwa sauti mimweko ya taa yako dukani, ikatoka fupi tatu, ndefu tatu, fupi tatu, kisha kimya, kisha upya.

## Hatua ya 3: Betri

Hapa ndipo taa nyingi zinakufa, tuende polepole.

Betri ya alkalini iliyosahaulika ndani ya kifaa huvuja. Maji yake hukauka yakawa unga mweupe, unga unakula chuma, na chumvi ya hewa ya bahari inamalizia. Joto linaharakisha yote hayo, na sanduku lililo karibu na injini ni jiko.

Fanya hivi. Fungua kizibo, ondoa betri zilizokuja na taa, wape watoto kwa ajili ya redio. Weka betri mpya, washa taa kwa mizunguko miwili ya SOS, zima. Kisha zitoe tena. Zifunge kwa mpira, zitie kwenye mfuko mdogo wa plastiki unaobana, mfuko uufunge kwenye shingo ya taa. Seti ya pili itie kwenye mfuko wake, iingie ndani ya ndoo. Kwenye kila mfuko andika mwezi na mwaka.

Utauliza: siku ya shida nitaanza kutia betri gizani? Swali la haki. Ndiyo maana kanuni yangu ni hii: unapotoka baharini, betri ziko ndani ya taa. Unaporudi dikoni, pale vyombo vinapoegeshwa, betri zinatoka. Iwe sawa na kufunga injini, kitu ambacho mkono unafanya bila kufikiri. Anayetoka kila siku aziache ndani, lakini afungue kizibo kila Ijumaa atazame.

Seti ya pili ni ya nini? Usiku wa kwetu, karibu na ikweta, ni karibu saa 12 mwaka mzima. Taa imehakikishiwa saa 6. Ukiiwasha magharibi, betri zinaweza kuchoka saa sita za usiku, na boti ya kukutafuta huenda ndiyo kwanza inatoka. Seti mbili ndizo usiku mmoja.

Usichanganye betri mpya na nusu-kwisha: ile iliyochoka huvuja kwanza. Zile betri za bei ya chini zisizo za alkalini huisha mapema na mwanga wake unafifia kabla hujajua.

Taa ikiwa imeshavujiwa, usikate tamaa mapema. Vaa glovu, kung'uta unga, kisha paka siki au maji ya ndimu kwa kijiti chenye pamba. Utasikia inachemka kidogo, ndivyo inavyosafisha. Futa kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, anika kivulini siku nzima. Springi ikiwa imeliwa hadi kukatika, nunua taa nyingine. Waya wa kuunga-unga usiuamini baharini.

Mwisho, oringi, ule mpira wa duara kwenye kizibo. Utoe kwa ukucha, si kwa kisu. Futa mchanga. Paka grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu. Mafuta ya mgando ya kujipaka usitumie, yanalainisha na kuvimbisha aina kadhaa za mpira.

Umefaulu: unaweza kutia betri, kufunga kizibo na kuwasha ukiwa umefumba macho, chini ya dakika moja. Fanya mara tano. Mwenzako naye afanye mara tano, maana huenda siku hiyo mwenye mkono mzima ni yeye.

## Hatua ya 4: Jaribio la ndoo

Jaza ndoo maji ya bahari. Washa taa, itumbukize, isukume mpaka chini kwa mkono, iachie. Inatakiwa ipande na kusimama kichwa juu. Ikilala ubavu, nusu ya mwanga wake inamulika samaki.

Iache humo dakika 30. Itoe, ifute nje, fungua kizibo. Gusa ndani kwa karatasi kavu. Tone moja la maji linatosha kuikataa taa au kukurudisha kwenye oringi.

Sasa funga ile kamba ya mita 3 kwenye tundu la taa. Ncha ya pili isifungwe moja kwa moja kwenye chombo kinachozama, hasa boti ya faiba yenye injini nzito. Ifunge kwenye mpini wa ndoo ya dharura, ambayo ikifungwa mfuniko huelea. Dau la mbao likijaa maji mara nyingi bado linaelea, na hapo utang'ang'ania dau, lakini ndoo iwe huru kukufuata.

## Hatua ya 5: Ipandishe juu

Nimeona watu wazima, mabaharia wazoefu, wanawasha taa na kuishika kifuani. Mwili wako ni ukuta. Aliyeko nyuma yako haoni kitu.

Dunia nayo ni ya mviringo, na kila mita ya kimo inaongeza umbali. Chukua mtu aliyesimama kwenye boti ndogo, macho yake mita 2 juu ya maji. Taa inayoelea majini, kimo sentimita 30, haiwezi kumfikia akiwa zaidi ya maili 4 za baharini. Ukiishika kwa kimo cha mita 1, maili 5. Kwenye ncha ya mti, mita 4 juu ya maji, maili 7. Hiyo ni mipaka ya mviringo wa dunia peke yake; nguvu ya taa na ukungu vitapunguza. Halafu kuna wimbi. Wakati wa kusi, wimbi la mita moja na nusu linaficha taa iliyoko majini muda mwingi kuliko linavyoionyesha, na SOS iliyokatwa na mawimbi haisomeki.

Kama una mlingoti, tumia jarari, ile kamba ya kupandishia tanga, na kapi iliyopo. Funga taa kwenye jarari kwa fundo mbili, moja juu ya taa na moja chini, ili isibembee. Pandisha, kaza chini.

Kama huna mlingoti, tumia upondo. Funga taa kwenye ncha kwa kamba ya mita 10 ukizungusha mara sita, upondo usimamishe ukiegemea ubao wa kukalia, uukaze sehemu mbili, chini na katikati. Zoezi hili lifanye mchana, chombo kikiwa kimetia nanga. Upondo ambao haukukazwa sehemu mbili utaanguka kwa wimbi la tatu.

Kama mmepinduka, hakuna mlingoti. Mmoja anayekaa juu ya ubavu wa chombo aishike juu ya kichwa, wabadilishane kila mkono unapochoka. Wengine washike chombo. Msikiache chombo kuifuata taa.

Umefaulu: kutoka taa ilipo ndani ya ndoo hadi inamweka juu ya mti, dakika 3.

## Hatua ya 6: Jaribio la usiku, ukiwa upande wa anayetafuta

Kila mtu hujaribu taa kwa kuitazama mkononi. Karibu hivyo, hata kiberiti kinang'aa. Taa hujaribiwa kutoka mbali, na wewe mwenye chombo ndiye unatakiwa uwe huko mbali.

Onyo kabla ya yote: SOS inayoonekana baharini ni wito wa msaada kweli. Kanuni zinakataza kuionyesha kama huna dhiki, na mtu mwema anaweza kuhatarisha maisha yake kukufuata. Kwa hiyo jaribio la SOS linafanyika nchi kavu, mahali ambapo bahari haionekani.

Tafuta barabara iliyonyooka au kiwanja kikubwa, usiku wa giza. Mwenzako asimamishe upondo wenye taa. Wewe tembea kilomita moja, na simu mkononi. Mwambie awashe. Andika unachokiona: fupi ngapi, ndefu ngapi, unatofautisha au inakuwa mfululizo mmoja? Mwambie aishushe, aishike kifuani, ageuke akupe mgongo. Utaona mwenyewe inavyotoweka, na kuanzia siku hiyo hutaishika kifuani tena.

Jaribio la kimo ndilo linalofanyika baharini, na hilo hutumii SOS. Chukua taa ya kawaida ya sola ya kuning'iniza, isiyomweka. Chombo kimoja kitie nanga na taa iwe usawa wa maji. Kingine kiende mpaka taa ianze kukatika nyuma ya mawimbi, kisimame. Piga simu: pandisha. Ile taa iliyokuwa inazama na kuibuka utaiona inachomoza na kutulia, kama mtu amesimama kutoka kwenye kiti. Wapeleke na vijana wako waone.

Umefaulu: kutoka kilomita moja, mtu asiyeambiwa kitu amehesabu mpangilio sawasawa mara tatu mfululizo.

## Hatua ya 7: Wafundishe walioko dikoni

Hatua hii ndiyo inarukwa na wote, na mimi naiona ndiyo kubwa kuliko zote.

Fikiria usiku wa giza, msimu wa dagaa. Simama ufukweni utazame: taa zimejipanga baharini kama mtaa wa mji, karabai na LED, nyingine zinafifia na kuwaka kwa sababu chombo kinayumba. Ndani ya mtaa huo taa yako nyeupe inamweka. Nani ataishughulikia? Atakayekufikia kwanza ni mvuvi wa chombo cha jirani, na kama hajawahi kufundishwa SOS, atadhani betri yako imelegea.

Nenda kwenye kikao cha kikundi cha usimamizi wa fukwe, au keti tu pale wanaposhona nyavu. Piga ubao kwa kijiti: ta-ta-ta, taa-taa-taa, ta-ta-ta. Waimbe. Watoto watashika kabla ya wazee, na mtoto anayeimba nyumbani anamfundisha baba yake. Kisha kubalianeni mambo mawili: anayeiona afanye nini, na ampigie nani. Namba ya simu ya dikoni, ya polisi wa majini walio karibu na ya ofisi ya bandari ziandikwe kwa wino usiofutika ndani ya mfuniko wa ndoo ya kila chombo.

Zipo taa mpya za rangi mbili, buluu ya kijani na nyekundu ya chungwa, zinazopokezana. Katikati ya taa za dagaa hujitofautisha zaidi kuliko nyeupe. Ukizipata, zichukue, lakini somo la dikoni libaki palepale, kwa sababu rangi ngeni nayo inahitaji mtu anayejua maana yake.

## Hatua ya 8: Siku ya shida

Mfuatano wake ni huu.

1. Jaketi okozi, kila mtu, kabla ya jambo lingine lolote.
2. Ita. Redio kwenye chaneli 16: MAYDAY, neno la wito wa dhiki, mara tatu, jina la chombo, mahali ulipo, shida gani, watu wangapi. Huna redio, piga simu. GPS ya simu husoma mahali ulipo hata bila mtandao; soma namba hizo, zitume kwa ujumbe pale mtandao unapochungulia.
3. Pandisha taa, iwashe.
4. Zima karabai na taa kali zilizo karibu nayo. Taa yako ya dagaa ikiwa chini ya SOS inaimeza. Ukiona meli inakuja upande wako na hajakuona, mulika tanga kwa tochi: kitambaa kikubwa kinachong'aa huonekana kuliko tochi yenyewe.
5. Fataki, kama unazo, zisubiri. Zitumie ukisikia injini au ukiona taa inayotembea. Ya mkononi ishike upande unaokwenda upepo, nje ya ubavu, mkono umenyooka, mbali na dumu la petroli.
6. Saa sita za usiku badilisha betri hata kama taa bado inawaka. Fanya ndani ya ndoo, ili kizibo kisidondokee baharini.
7. Waokoaji wakifika karibu, ishushe taa au ikinge upande wao. Usimpige nahodha wao mwanga wa macho wakati anakaribia ubavu wako.

Taa iachwe ikimweka mpaka mtu wa mwisho amepanda. Kuna wanaozima wakifurahi kumwona wa kwanza, na aliyebaki majini anapotea.

## Hatua ya 9: Jua likichomoza

Mchana taa ya kandela 75 haikusaidii. Izime, utunze betri.

Toa kile kitambaa cha chungwa. Ulikichora mapema mraba mweusi na duara jeusi. Kitandaze juu ya chombo kwa ajili ya ndege, au kipandishe kwenye mti. Mtu asimame, anyooshe mikono pande mbili, aipandishe na kuishusha polepole, tena na tena. Kupunga kwa haraka kunafanana na salamu.

Kioo kina nguvu kuliko vyote siku ya jua. Nyoosha mkono mmoja, fungua vidole viwili kama panda ya manati, chombo unachokilenga kiweke katikati ya vidole. Kwa mkono wa pili shika kioo karibu na jicho, tupa mng'ao juu ya vidole, kisha utikise taratibu kulia na kushoto. Mng'ao unaopita kwenye vidole vyako unapita na kwenye macho yao.

## Matunzo ya mwaka

Kusi likianza na kaskazi ikianza: betri mpya, oringi itolewe na kupakwa grisi, jaribio la ndoo, mazoezi ya kufumba macho. Betri za zamani zitumie nyumbani. Kamba ya nailoni iliyokakamaa kwa jua ibadilishwe, maana ukiikunja inakatika kama jani kavu.

Ndoo ikae kivulini, upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, unaofikika bila kupanda juu ya injini, isiwekewe kitu juu yake. Si nyavu, si nanga, si gunia la barafu.

Fataki zilizopita tarehe usizirushe kwenye harusi wala mwaka mpya, usizitupe baharini, usizichome jalalani. Zipeleke zikiwa kavu ndani ya mfuko kwa mkaguzi wa chombo au polisi wa majini, na uwaambie kabla hujafika nazo mlangoni.